Je, Programu Ina Salamu?

Jumanne jioni, Dundee, ghorofa ya pili
ya kiwanda kilichokuwa kikisuka magunia.
Nguzo za chuma bado zimesimama katikati ya chumba,
meza zetu zimezizunguka, wanafunzi saba.
Nimetoka kufua mashuka ya hospitali,
vidole vimenyauka kwa mvuke na sabuni,
herufi za kibodi naziona ndogo kama ufuta.

Bi Morag Petrie hana haraka.
Leo hatuandiki programu, anasema,
leo tunaijengea nyumba ya kulala.
Andika gradle, acha nafasi, andika init,
bonyeza, kisha ujibu unachoulizwa.

Kikaniuliza kama karani wa uhamiaji:
Unajenga nini? Kwa lugha gani?
Nikajibu Java. Mradi unaitwaje?
Nikaandika: katani.
Baba alikuwa akiilisha korona kule Ngomeni,
ile mashine ya kukwangua mkonge,
kabla jina lake halijaporwa na ugonjwa.

Halafu kikataka jina la ukoo.
Kwetu mtoto hutangulia, nyuma yake baba, nyuma yake babu.
Huku babu ndiye wa kwanza, nukta,
baba, nukta, mtoto anafunga mlango.
Scotland. Dundee. Katani. Sawa.

Folda zikazaliwa ndani ya folda
kama sufuria za harusi zilizopachikana kabatini:
unatoa kubwa, unatoa ya kati,
na katika ndogo kuliko zote, faili moja,
mistari kumi na kitu.
Nazo zilikuja pacha, Kulwa na Doto,
mmoja wa kufanya kazi,
mwingine wa kuikagua.

Nikaamuru: jenga.
Nilialika kitegemezi kimoja tu.
Kikaja na mashemeji, na watoto wa mashemeji,
na mtu asiyejulikana na yeyote, naye ana kiti.
Mtandao wa jengo ukakohoa.
Asilimia ishirini na tatu.
Asilimia ishirini na tatu.
Dovydas akatoa biskuti mfukoni mwa koti, tukagawana.

Ilipokubali nikapata kiburi.
Nikafungua lile faili dogo,
nikafuta salamu ya Kizungu niliyowekewa,
nikaacha null mahali pake
kama ndoo tupu ishikayo foleni bombani,
nikaenda dirishani na wenzangu kutazama theluji.
Niliporudi nikasahau ndoo.
Jenga, nikasema.

Nyekundu. Jaribio moja limeanguka.

Sikuliandika mimi jaribio hilo, lilikuja na nyumba.
Nikalisoma polepole, midomo ikicheza.
Katika yote ambayo fundi angeweza kukagua,
hesabu, kasi, kufuli za milango,
lilitaka kujua jambo hili tu:
programu ina salamu?

Miezi tisa naingia chumba cha kufulia
na kutoka, mashine kumi na mbili zikinguruma,
na mimi nimeuzoesha mdomo kufunga.
Si kwamba wenzangu ni wabaya. Niliona haya
siku ya kwanza, haya ikakauka
ikawa ndiyo tabia.

Nikaandika: Shikamoo.

Ikakusanya, ikajaribu, ikafungasha,
kwa utaratibu ule ule aliokuwa akiuimba baba:
usianike ambacho hujakwangua,
usipige brashi ambacho hakijakauka,
na robota likifungwa na unyevu
utaliona likirudi.
Ujenzi umefaulu. Sekunde sita.

Nikaiendesha. Ikasema Shikamoo
mbele ya nguzo za chuma
ikafa papo hapo, haikungoja jibu.

Inasema nini? Bi Morag ameinama begani kwangu,
miwani imeshuka puani, nywele nyeupe kabisa.
Nikamweleza. Nikamweleza pia kwamba ina jibu lake,
na kwa umri wake ni haki yake kulitoa.
Akajaribu: marrrahaba.
Ile ra akaivingirisha kutushinda wenyewe.

Nikaiendesha tena. Akaijibu tena.
Basi la saa tatu na robo lilipita chini
taa zake zikipanda ukutani.
Sikulikimbilia.